Picha Iliyokataa Kufunguka

Busunzu, 6 Oktoba 2013

Mdogo wangu Immakulata,

Mwakeye, nakusalimu. Huku tunaamka, na kwa hilo tunashukuru. Mihogo ya bondeni imeharibika; kwa majani ni mizuri, ukichimba unakuta kahawia tupu. Maharage yametoka kidogo. Mguu wa wifi yako umepungua uvimbe, jana amekwenda kanisani bila fimbo. Masikio yangu ni yaleyale. Tangu ile homa, mtu akiniita naona midomo tu. Msalimie shemeji na watoto wote.

Nakuandikia kwa sababu simu si chombo changu tena, na ya nyumbani anaishika wifi yako. Hili sitaki alisikie.

Unajua mwanangu Reverien hajapiga simu tangu Pasaka. Sasa amerudi kijana wa Makere, Khamisi, mmoja wa wale walioondoka naye kutafuta kazi Afrika Kusini. Amerudi na mkono umefungwa. Nilikwenda kwao nikaketi mbele yake nione anavyosema, na mama yake akawa ananiandikia yale yaliyonipita. Anasema lori lililobeba wenzao lilipinduka Msumbiji mwezi uliopita. Walikuwa wamefichwa nyuma, chini ya turubai.

Nikamuuliza, "Reverien alikuwa ndani?"

Akaangalia chini. Mama yake akaandika: Hajui. Waliwagawanya mpakani.

Wako majeruhi hospitalini huko, na wako maiti wasio na majina, maana karatasi zao walinyang'anywa njiani. Kuna mfanyakazi wa ustawi hapo, Mkongomani, anaitwa Nadège. Anajua Kiswahili. Khamisi amenipa anwani yake ya baruapepe. Anataka familia zimtumie picha ya mtu wao na alama zake.

Nimeweka humu picha aliyopiga studio Kibondo. Alama ni hizi: jino la mbele la juu limevunjika pembeni, aliangukia ngazi za parokia akiwa mdogo. Muundi wa kushoto una kovu la jembe. Ana miaka ishirini na miwili. Wakitaka zaidi waambie hupiga mluzi akifanya kazi, ingawa sijui hilo litawasaidia nini.

Wewe uko mjini, kompyuta ziko karibu. Itume hiyo picha, tafadhali.

Kaka yako,
Tharsisi


Kasulu, 21 Oktoba 2013

Kaka yangu Tharsisi,

Barua nimeipata kwa kondakta, mkono kwa mkono. Kwetu hatujambo. Mtoto wa mwisho alikuwa na surua, sasa anacheza. Shemeji yako yupo, anakusalimu, yeye na kifua chake. Mvua za kwanza zimeshusha vumbi, tunapumua.

Nilipofika mwisho wa barua yako nilikaa chini. Halafu nikaichukua picha nikaenda nayo kwa Dada Kudra, yule mwenye duka la kompyuta karibu na soko. Ni mtu wa siri, usiwe na wasiwasi.

Kaka, sikujua kutuma picha ni kazi. Kudra aliilaza kwenye mashine ikaingia kompyuta vizuri kabisa, Reverien na yale maporomoko ya kuchora nyuma yake. Tukaandika maneno, tukaweka alama zote, hata mluzi. Akabonyeza pale pa kuambatisha. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka mpaka chai yetu ikapoa, halafu yakatokea maandishi mekundu: faili ni kubwa mno.

Akarudia. Umeme ukakatika. Akawasha jenereta, akarudia. Safari hii haikutoa maandishi mekundu, akabonyeza tuma, ikaandika imetumwa. Tukashangilia kama wajinga.

Ijumaa nikarudi kuangalia majibu. Yule Nadège alikuwa amejibu siku ileile: "Nimepata maneno lakini foto siioni. Mutume tena." Yaani barua ilikwenda na picha ikabaki. Kudra anasema tulibonyeza kabla kiduara hakijamaliza kuipandisha.

Tumejaribu tena Jumamosi na Jumatatu. Inafika katikati inasimama. Kudra anasema mtandao wa hapa ni mwembamba na picha yetu ni nene. Lakini sitaacha. Umwambie wifi namsalimu, basi, usiongeze neno.

Immakulata


Busunzu, 3 Novemba 2013

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika imelowa, nusu nimeisoma kwa kukisia. Tumepanda mahindi. Wifi yako amepanda mpaka lile shamba dogo la Reverien kule juu, anasema akirudi asikute magugu. Mimi nilishika jembe tu, sikusema kitu.

Sikiliza. Nimekwenda kwa karani wa kata, yeye alisomea kompyuta. Sikumwambia ni picha ya nini. Amenieleza, nami nimeandika kama alivyoandika yeye: mwanzo, ipunguzwe ukubwa kabla ya kuambatishwa, kuna mahali pa kufanya hivyo. Pili, jina la faili liwe fupi, lisiwe na alama za ajabu. Tatu, mjaribu asubuhi kabla ofisi hazijafunguliwa, watu wakiwa wachache mtandaoni. Na msibonyeze tuma mpaka muone jina la picha limekaa pale chini ya anwani.

Mimi sielewi, Imma. Kitu kinabeba maneno mengi kiasi kile, kinashindwaje kubeba sura ya mtu mmoja?

Wifi yako ameuliza kwa nini siku hizi nasubiri basi barabarani. Nimemwambia ni mambo ya chama cha kahawa. Amenitazama sana.

Fanya haraka. Khamisi anasema hospitali haikai na maiti milele.

Tharsisi


Kasulu, 18 Novemba 2013

Kaka,

Heri kidogo leo. Watoto wazima, na shemeji yako amepata kibarua cha kujenga vyoo vya shule.

Imekwenda! Tulifuata maneno ya karani. Kudra aliipunguza mara ya kwanza ikawa ndogo mno, Reverien akawa kama nukta. Akaanza upya, akakata yale maporomoko, akabakiza kichwa na mabega. Faili tukaliita "rev" tu. Tulikuwa dukani jua halijapanda. Kiduara kilizunguka kidogo, halafu jina likakaa chini ya anwani, na alama ya pini pembeni. Kudra akanishika mkono akasema, "Sasa bonyeza wewe, shangazi mtu."

Nadège amejibu. Nimenakili maneno yake kama yalivyo:

"Foto imefika muzuri. Kati ya wagonjwa hayuko, nimepita vitanda vyote. Lakini kuko mumoja kati ya wale wengine, anafanana. Nitawatumia foto yake. Musifungue peke yenu, mukuwe na mutu karibu."

Kaka, kufanana si kuwa. Vijana wa siku hizi wote wananyoa namna moja. Tusubiri.

Imma


Busunzu, 30 Novemba 2013

Mdogo wangu,

Imefika? Kila basi nalisimamisha. Kondakta sasa akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabisa ili nisihangaike kuinuka.

Huku wazima. Andika hata mstari mmoja.

Tharsisi


Kasulu, 9 Desemba 2013

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kwa shemeji yako, kwa watoto mmoja mmoja, na kwa majirani wote wanaokufahamu. Sisi wazima wa afya. Mvua ni nyingi, barabara ya Makere inateleza, magari yanalala njiani. Maharage yamepanda bei. Padri mpya amefika, ni kijana, anahubiri kwa ufupi. Binti yangu mkubwa amefaulu. Mbuzi yule mweupe amezaa pacha. Natumaini mguu wa wifi unaendelea vizuri. Akandwe na maji ya moto yenye chumvi, asibebe ndoo za maji kwanza.

Kuhusu ile picha, imefika, lakini haifunguki. Ukibonyeza panatokea kisanduku cheupe chenye alama nyekundu kwenye kona, basi. Kudra anasema huenda faili limeharibika njiani, au limehifadhiwa kwa namna ambayo kompyuta yake haiijui. Atajaribu kwa njia nyingine. Haya mambo yanachukua muda.

Kwa hiyo msiwe na haraka. Noeli inakuja, mle, mpumzike. Nikipata jambo nitaandika mwenyewe, usijisumbue kusimama barabarani na mvua hii.

Mdogo wako akupendaye,
Immakulata


Busunzu, 27 Desemba 2013

Mdogo wangu,

Noeli imepita. Wifi yako alipika wali, akaweka sahani ya Reverien mezani kama kila mwaka akiwa mbali. Tulikula tukiizunguka.

Nilikwenda Kibondo mjini kwa ajili ya hilo faili. Kuna duka la kupiga picha, nikamwandikia mwenyewe matatizo yako kwenye karatasi. Amesema hivi. Msiifungue ndani ya baruapepe. Ihifadhiwe kwanza kwenye kompyuta, ndipo mfungue. Ikikataa, muangalie herufi za mwisho za jina lake, mzibadilishe. Ikikataa, mjaribu kompyuta nyingine, kule chuo cha ualimu zipo mpya. Ikikataa kabisa, mwambieni yule dada aitume upya, imepunguzwa kama sisi tulivyopunguza yetu. Anasema hakuna picha isiyofunguka kwa moja ya njia hizo.

Nilimwuliza mara mbili. Alisema hakuna.

Imma, wewe na Kudra mliweza kupandisha ile ya kwenda. Hii ya kuja inawashindaje? Mwaka ukigeuka nitakuja mwenyewe.

Tharsisi


Kasulu, 9 Januari 2014

Kaka,

Heri ya mwaka. Usije. Barabara imekatika na kompyuta ya Kudra ni mbovu, imepelekwa Kigoma kwa fundi. Haijulikani itarudi lini. Mguu wa wifi unakuhitaji huko.

Imma


Busunzu, 2 Februari 2014

Immakulata,

Nilikuja Kasulu Alhamisi.

Barabara haikukatika. Nilishuka stendi nikaulizia duka la Kudra, bodaboda akanifikisha. Kompyuta ilikuwa mezani inafanya kazi, mwanafunzi mmoja anachapiwa barua. Nikamwambia Kudra, "Mimi ni kaka yake Immakulata. Nimekuja kwa ile picha isiyofunguka."

Akamwambia mwanafunzi atoke kwanza. Akanivutia kiti, akanifutia vumbi kwa khanga yake. Hapo nikajua. Mtu hakuvutii kiti namna ile kwa habari ya mashine.

Nilimwambia sisikii, aandike. Akaandika: Ilifunguka siku ileile, mzee. Samahani.

Nikauliza, "Ni yeye?"

Akaandika: Dada Immakulata alisema ni yeye.

Nikauliza mwanangu yuko wapi sasa. Akaandika kwamba walizikwa Desemba, hukohuko, na kwamba wewe ndiye uliyemjibu Nadège na kumpa jina la kuweka kaburini.

Halafu akaweka mkono juu ya mashine akanitazama, ananiuliza nataka kuona? Nilitoka Busunzu kwa ajili hiyo. Nikasema hapana.

Mimi ni baba yake, Imma. Umesema ndiyo badala yangu. Umemzika mwanangu kwa kidole kimoja, na mimi huku nasimamisha mabasi, nawasumbua wenye maduka Kibondo wanifundishe kufungua kitu ambacho wewe ulishakifungua. Wewe ukiniandikia habari za mbuzi.

Nilipita nyuma ya nyumba yako nikirudi stendi. Nilikuona unaanika maharage. Sikuingia.

Wifi yako aliniuliza nimetoka wapi na viatu vya safari. Nilimwambia nilifuata mbolea.

Tharsisi


Kasulu, 14 Februari 2014

Kaka,

Sina salamu za kuanzia.

Ilipofunguka niliona lile jino, nikageuka nikaangalia ukuta. Kudra akaniuliza, "Ndiye?" Nikasema ndiye. Sikuangalia tena. Muundi sikuufikia.

Nadège aliandika kwamba manispaa wameamua kuwazika wiki ileile wote wasio na jina, kaburi moja refu, kila mtu na namba. Mwenye jina anapata kaburi lake. Alitaka jibu kabla ya Jumamosi. Basi la kukuletea barua lilikuwa Jumapili. Ningepiga simu, angepokea wifi. Ningemwambia nini? Mpe kaka simu, yeye asiyesikia?

Na kama ningekungoja, najua ungesema arudishwe nyumbani. Ungeuza bondeni, ungeuza na kule juu, ungehangaika na mihuri ya nchi mbili, na asingefika. Ningekuwa nimekuzika na wewe. Kwa hiyo niliandika jina lake lote, na la kwako, na la wifi.

Hilo nililifanya kwa akili yangu, nami ningelifanya tena. Lakini yale ya baadaye hayana utetezi. Nilitaka Noeli iwapite. Ikapita, nikataka mwaka upite. Barua zako zikawa zinakuja na njia mpya za kufungua, na kila njia ulivyoielezea vizuri ndivyo nilivyozidi kushindwa. Nilifika mahali nikaomba kweli ile kompyuta ife.

Unikasirikie. Lakini kaka, sasa na wewe unasema mbolea. Mwambie mama yake.

Immakulata


Busunzu, 2 Machi 2014

Immakulata,

Nimemwambia.

Alikuwa anapukuchua mahindi ya mbegu. Nilimaliza kusema, akainuka, akafukuzia kuku bandani wakati jua bado liko juu, akafunga mlango wa banda, akarudi akakaa palepale. Hakulia. Niliangalia midomo yake nione atasema nini.

Halafu akauliza, "Imma alimwona?"

Nikasema alimwona kwenye picha.

"Alikuwa amevaa nini?"

Nikasema sijui.

Akasema, "Umeifuata mpaka Kasulu, umerudi hujui mwanangu amevaa nini."

Ndipo akalia, na mimi hilo sikulisikia, niliona tu mabega. Majirani ndio waliosikia wakaja. Tangu hapo nyumba imejaa watu. Padri wa parokia atasoma misa Alhamisi ya tarehe kumi na tatu, bila jeneza.

Kila anayekuja kumpa pole, wifi yako anamwuliza swali hilohilo la nguo, kama vile kuna mtu hapa anaweza kujua. Jana ameniletea karatasi na kalamu mwenyewe. Amesema nikuandikie uulizwe wewe.

Mimi sijakusamehe bado, nakuambia kweli. Wifi yako hajasema uje wala usije. Lakini umjibu.

Tharsisi


Kasulu, 9 Machi 2014

Kaka, msomee wifi haya taratibu, kama yalivyo.

Mara ya kwanza sikuona zaidi ya jino, kwa hiyo sikuwa na jibu. Jana nimerudi kwa Kudra nikamwomba aifungue tena. Alitaka kukaa nami kama Nadège alivyoagiza. Nilimwambia asimame mlangoni, nikaangalia mwenyewe, kuanzia juu mpaka inapoishia.

Nitakuja kwa basi la Jumanne. Kama wifi hataki kuniona, nitakaa jikoni na wapishi, kazi haikosekani msibani.

Wifi, amelala chali juu ya kitambaa cha kijani. Nywele zimekatwa karibuni, pembeni fupi. Kuna mchubuko kwenye paji la uso upande wa kulia, umesafishwa, na uso wote umepanguswa. Mtu alimwosha kabla ya kumpiga picha. Mdomo uko wazi kidogo. Macho yamefumbwa.

Amevaa shati la kahawia la mikono mirefu, zito, la kitambaa kama cha koti. Si lake, hakuondoka nalo. Nadhani alipewa njiani, na aliyempa alikuwa mtu mkubwa kuliko yeye. Limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Kifungo cha pili si cha shati hilo, ni cheupe, na kimeshonwa kwa uzi mweusi, uzi mwingi, kwa mkono. Sijui nani alimshonea. Labda alijishonea mwenyewe, wewe ulimfundisha.

Mikono ya shati ilimpita, ikamfunika mpaka kwenye vidole. Niliangalia sana hapo, wifi, kwa sababu yako. Hakuonekana kama mtu aliyekuwa anasikia baridi.

Immakulata